Mashine Inayogeuka Papo Hapo

Haya nitakayosimulia yalitokea katika nchi ambayo si yetu. Naomba hilo lieleweke tangu mwanzo, maana nina wajukuu na napenda walale nyumbani. Nchi hiyo mimi niliishi kwa muda mfupi tu, miaka sitini na minane, kwa hiyo huenda yako mambo ambayo sikuyaelewa vizuri.

Jimbo letu huko lilitawaliwa na Mheshimiwa Liwali. Jina lake kamili liliongezwa neno moja kila mwaka, na sisi wenye pumzi fupi tulimwita Liwali tu. Kulikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote, Sheria ya Kuelekeza Uso. Ilisema kwamba Liwali akiwapo mahali, kila aliyepo atamwelekezea uso, mtumishi wake atakaa mbele ya uso huo, na atakayempa mgongo atafungwa. Mshonaji mmoja alifungwa miezi mitatu kwa kugeuka kuokota sindano yake. Alipotoka alisema hakuteswa. Walimpa sare za askari azishone, na mlinzi mmoja alimwazima miwani.

Nyumba ya Liwali ilikuwa jirani na yangu. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa matofali. Upande wake kulikuwa na majani ya kijani, upande wangu kulikuwa na vumbi, kwa sababu mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Bomba la maji lilipita mtaani kwetu likienda kwake. Lilipita kama gari lake lilivyopita, bila kusimama.

Aliyekata majani yale aliitwa Singano, mtu wa makamo, mrefu, mwenye fyekeo ambalo mpini wake aliuchonga mwenyewe. Kabila lake na langu ni watani, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa hatukuwahi kusalimiana kwa adabu.

"Wewe bibi, bado hujafa tu?" aliniuliza juu ya ukuta kila asubuhi.

"Nangoja nikuzike wewe kwanza. Maandazi ya msiba wako nimeshapika, yanakauka."

"Basi wape majirani. Nikifa mimi utakula nini, mchoyo wewe?"

Kisha mzigo wa majani uliruka ukuta ukaangukia uani kwangu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kama alivyoielewa. Alifyeka mstari mmoja kwa siku, na alipofika mwisho wa uwanja mwanzo ulikuwa umeshaota. Majani hakuyachoma. Aliyafunga kwa ukambaa wa mgomba na kuwarushia majirani wenye mifugo, kila mmoja kwa siku yake. Yangu ilikuwa Jumatatu na Alhamisi. Mizigo ya wengine aliifunga kawaida, lakini wangu aliufunga fundo la kuvuta kwa mkono mmoja, kwa sababu vidole vyangu vina baridi yabisi. Hakuwahi kulitaja jambo hilo, na mimi sikuwahi.

Majani yale alikula Dodoki, ng'ombe wangu wa pekee. Maziwa ya Dodoki alikunywa Kidawa, mjukuu wangu, aliyekuwa na miezi mitano. Mama yake, Zaituni, kitindamimba wangu, alikufa siku ya kumzaa, katika hospitali iliyokuwa na picha kubwa ya Liwali na haikuwa na damu ya kumwongezea. Picha ile niliitazama saa nyingi. Ilikuwa imefutwa vumbi vizuri.

*

Mwaka huo Liwali alisafiri nchi za mbali kujifunza umaskini. Huko alialikwa nyumbani kwa tajiri mmoja, akamkuta amekaa juu ya mashine ya kukatia majani. Mashine hiyo haikuwa na usukani. Ilikuwa na mikono miwili ya chuma. Ukiisukuma yote miwili, inakwenda mbele. Ukisukuma mmoja na kuvuta mwingine, inageuka pale pale iliposimama, kama kuku anayejitengenezea kiota.

Liwali alirudi akiwa amebadilika. Alituita uwanjani akahutubia.

"Wananchi," alisema, "nimegundua kinachotuchelewesha. Kiongozi wenu anakatiwa majani na mtu anayetembea kwa miguu. Taifa linalotembea kwa miguu litafika lini? Nataka mashine inayogeuka papo hapo. Si kwa ajili yangu. Mimi nitaikalia tu, kwa niaba yenu."

Tulipiga makofi. Nilimpigisha makofi Kidawa pia, maana askari mmoja alikuwa anatazama mikono.

Kesho yake iliundwa Kamati ya Jimbo ya Kuchagua Mashine ya Kukatia Majani Inayogeuka Papo Hapo. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Lugongo, mtu mwenye uzoefu. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza kamati ya kuchagua rangi ya ambulensi, ambayo ilifanya kazi miaka minne na kuchagua nyeupe, lakini ambulensi yenyewe haikupatikana.

Amri ya kwanza ya kamati ilikuwa kwamba majani yasikatwe. Mashine zitakapokuja kujaribiwa, ilisemekana, lazima zikute majani ambayo hayajaguswa. Fyekeo la Singano lilichukuliwa likawekwa katika sanduku la kioo, na karatasi iliyoandikwa: Chombo cha Wakati wa Giza. Singano mwenyewe hakufukuzwa. Alipewa cheo. Akawa Msimamizi wa Urefu wa Majani, na kazi yake ilikuwa kusimama akiyatazama yakiota.

Jumatatu ile hakuna kilichoruka ukuta.

"Mtani," aliniita taratibu, "wamenipa cheo."

"Hongera. Kinaliwa?"

Alirudi kuyatazama majani yake yakiota.

*

Sasa, kuchagua mashine si mchezo, na mimi sitaki kuidharau kamati. Nimesikia kwamba mwenye nyumba huanza kwa kupima uwanja wake, kisha huchagua upana wa visu unaolingana nao. Kamati ilimwita mpimaji. Mpimaji akapima akakuta ekari moja na nusu. Akaandika ekari moja na nusu, kwa sababu alikuwa kijana na hakuwa na watoto bado.

"Unasema Mheshimiwa ni ekari moja na nusu?" Bwana Lugongo alimuuliza.

"Uwanja, Mwenyekiti. Siyo Mheshimiwa."

"Unautenganisha uwanja na mwenyewe?"

Mpimaji alihamishiwa kisiwani kupima mawimbi. Kamati ikapitisha kwa kura kwamba uwanja ni ekari arobaini, na kwa hiyo mashine itakayofaa ni ya ekari arobaini, pana kuliko zote.

Wiki tatu zilifuata za kujadili kiti. Mjumbe mmoja alitaka kiti chenye springi, kwa ajili ya mgongo wa Mheshimiwa. Mwingine alisema kutaja mgongo wa Mheshimiwa ni kuvunja Sheria ya Kuelekeza Uso. Yule wa kwanza aliomba radhi kwa maandishi. Fundi wa kampuni iliyouza mashine alijaribu kueleza kwamba uwanja una mteremko upande wa mashariki, na mashine za namna hiyo huteleza kwenye mteremko. Kamati ilimshukuru, ikaufuta mteremko.

Huku kwangu, Dodoki alikuwa anakula mabua ya mahindi ya mwaka juzi, na maganda ya ndizi niliyoomba sokoni. Maziwa yalishuka kutoka lita tatu hadi moja, kutoka moja hadi kikombe. Nilimpikia Kidawa uji wa mtama. Mama Hidaya wa nyumba ya tatu, ambaye mbuzi wake alikuwa mmoja na watoto wake wanne, aliniletea upawa wa maziwa kila jioni, na kila jioni alisema yamebaki. Najua watoto wanne hawabakishi maziwa.

Mwezi wa pili nywele za Kidawa zikaanza kuwa nyekundu. Muuguzi wa zahanati, binti mmoja aitwaye Tunu, alimpima, akaandika kwenye kadi: apewe maziwa. Kisha akaitazama ile kadi kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Akafungua mkoba wake, akanipa kopo lake la maziwa ya unga, la chai yake.

"Limefunguliwa, bibi, nisamehe," alisema.

Aliniomba msamaha yeye.

Nilitoka pale nikapita mbele ya lango la Liwali. Majani yalikuwa yamefika magotini. Mabomba ya kunyunyizia yalikuwa yanazunguka, yakitupa maji mpaka barabarani, na barabara ilikuwa inaota nyasi kwenye nyufa. Nilisimama na mtoto mgongoni. Mimi ni mtu mpole, wote wanaonijua watakwambia. Lakini siku hiyo nilihesabu matofali ya ule ukuta, safu kwa safu, nikijiuliza lipi lingetoka kwanza.

*

Mwezi wa tatu kamati ilitangaza kwamba inakusanya maoni ya wananchi. Nikavaa kanga yangu ya heshima nikaenda. Walikuwa wajumbe kumi na wanne nyuma ya meza ndefu. Mbele yao kulikuwa na chai ya maziwa, na juu ya kila kikombe utando mnene wa malai. Sikuweza kuondoa macho yangu pale.

Bwana Lugongo alinikaribisha vizuri. Akanieleza kwamba imebaki hoja moja tu. Mashine moja inayatupa majani pembeni. Ya pili inayakusanya kwenye mfuko ulio nyuma ya kiti. Ya tatu inayasaga yakawa unga na kuyarudisha ardhini, yasionekane kabisa.

"Baba yangu," nilisema, "chagueni yenye mfuko."

"Kwa nini, bibi?"

"Mfuko ukijaa, Singano aumwage juu ya ukuta. Nina mtoto wa miezi minane. Majani anakula ng'ombe, maziwa anakunywa mtoto. Sina ombi jingine. Hata mwendo wa mashine, upana wake, kiti chake, chagueni mnavyopenda. Mimi naomba mfuko."

Mjumbe mmoja, mama wa karibu umri wangu, aliinamisha macho akakisukuma kikombe chake mbali naye. Nililiona hilo na nilimshukuru moyoni.

Bwana Lugongo akamwambia karani, "Andika. Bibi ameunga mkono mashine."

"Nimeomba mfuko."

"Andika ameunga mkono kwa machozi."

"Silii, baba."

"Andika kwa furaha, basi."

Wakachagua ile inayosaga. Sababu ilisomwa redioni: majani ya Mheshimiwa ni mali ya serikali, na yakitoka nje ya ukuta yanaweza kutumiwa na watu wenye nia mbaya. Mimi nikamtazama mtu mwenye nia mbaya. Alikuwa amelala mkekani, ananyonya kidole.

Usiku wa siku hiyo, nyuma ya ukuta, sikusikia mtu. Lakini alfajiri nilikuta fungu dogo moja tu la majani limeanguka uani, limeng'olewa kwa mikono, likiwa na mizizi na udongo. Lilikuwa limefungwa fundo la kuvuta. Siku ya pili likaja jingine. Siku ya tatu Singano alipewa onyo la mwisho, kwa kuwa kamati ilikuwa na afisa aliyepita kila asubuhi na rula.

*

Mashine ilifika mwezi wa tano. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, pana kama kitanda cha maharusi wawili. Haikuingia langoni.

Kamati ilikaa palepale barabarani ikatafakari. Hoja ya kuirudisha ilikataliwa kwa sababu serikali hairudi nyuma. Basi wakalivunja lango na nguzo zake zote mbili, na kipande cha ukuta upande wa kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kati ya majani yale na mtaa wetu hakukuwa na kitu ila askari sita waliosimama wamekunja uso.

Siku ya uzinduzi tuliitwa wote, tukasimamishwa mtaani mbele ya lile pengo. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Karibu na jukwaa, juu ya meza yenye kitambaa, waliliweka fyekeo la Singano nje ya kioo chake, ili wageni waone tulikotoka. Singano alisimama kando ya meza hiyo katika koti la cheo chake. Kidawa nilimwachia Mama Hidaya, nikaja na mundu wangu chini ya kanga. Kwa nini niliuchukua sijui. Wanawake wengine nao nilisikia vyuma vikigongana chini ya kanga zao, na wao pia nadhani hawakujua.

Liwali alihutubia saa moja. Akapanda kitini. Fundi wa kampuni akamwinamia.

"Mheshimiwa, ukisukuma yote miwili utakwenda mbele. Ikitokea jambo lolote, iachie tu, mashine itasimama."

"Kijana," Liwali akamjibu kwenye kipaza sauti, "mimi sijawahi kuachia."

Makofi yakapigwa. Akasukuma mkono wa kulia kwa nguvu zote, na wa kushoto akauvuta kwake, kama mtu anayegombania kitu. Mashine ikanguruma, ikageuka papo hapo. Ikageuka tena. Ikaendelea kugeuka.

Hapo ndipo Sheria ya Kuelekeza Uso ilipoanza kazi. Uso wa Liwali ulikuwa mashariki, mara kaskazini, mara magharibi, na kila mtumishi alitakiwa awe mbele yake. Bwana Lugongo alianza kukimbia kuuzunguka ule uso. Wajumbe wakamfuata. Bendi ikafuata, wa ngoma kubwa akiwa nyuma kabisa. Wale askari sita waliokuwa kwenye pengo la lango walitazamana, wakakumbuka yule mshonaji, wakakimbia nao. Mtangazaji alikimbia na kipaza sauti mkononi, akihema:

"Mheshimiwa anasonga mbele. Mheshimiwa anazidi kusonga mbele. Mheshimiwa anapita tena hapa, akisonga mbele."

Udongo uliruka. Mashine ilikuwa inachimba shimo la mviringo na kushuka ndani yake polepole, na Liwali alikuwa anashuka nayo, ameing'ang'ania mikono ya chuma, amefumba macho.

Singano alinitazama kupitia kwenye lile pengo.

"Wewe bibi, umekuja kutazama bendi?"

"Nimekuja kukuzika."

Alivua koti la cheo, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Akachukua fyekeo lake. Kisha akageuka, akampa Liwali mgongo wote, akaanza mstari wa kwanza.

Tuliingia. Tulikuwa wanawake ishirini au thelathini, hatukusukumana. Tulikata kwa mundu, tulikata kwa visu vya jikoni, asiye na kitu aling'oa. Waliotangulia kujaza kanga zao waliwasaidia wenye watoto mgongoni. Askari walituona. Kila walipopita katika mbio zao walituona, na mmoja wao, kijana mwenye kovu shavuni, alikuwa ananyoosha kidole kila mzunguko kumwonyesha jirani yetu Mama Tausi majani mazuri yalipo. Hakuna aliyeweza kusimama. Kusimama kungekuwa kuachwa nyuma ya Liwali, na kutugeukia sisi kungekuwa kumpa mgongo.

Mafuta yaliisha baada ya saa moja na nusu. Mashine ikazima. Liwali alikuwa ndani ya shimo, kichwa tu kikionekana. Akafumbua macho.

"Nimefika wapi?" aliuliza.

"Mbali sana, Mheshimiwa," alisema Bwana Lugongo, kisha akatapika.

*

Redio ilitangaza kwamba Liwali amekata ekari arobaini kwa mkono wake mwenyewe, na ushahidi ni kwamba uwanja ulikuwa umekatwa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kushtakiwa kwa kukata majani. Singano, aliyegeuka mbele ya jukwaa, walimshtaki kwa mgongo.

Nilikwenda mahakamani. Hakimu alimuuliza, "Ni kweli uligeuka?"

"Niligeuka, Mheshimiwa Hakimu."

"Kwa nini uligeuka?"

"Majani yalikuwa upande ule."

Alifungwa miaka miwili. Alipokuwa anatolewa alipita karibu yangu, pingu mikononi.

"Maandazi bado unayo?" aliniuliza.

"Yamekauka kabisa. Utayakuta."

Dodoki alikula siku tatu bila kuinua kichwa. Siku ya nne alitoa kikombe kimoja. Nilimpelekea Kidawa kikiwa bado na joto, akanywa akiwa ameshika kidole changu kibovu, akalala. Siku hizi ana mwaka na miezi minane. Bado hatembei. Tunu wa zahanati anasema atatembea, na anakuja kumnyoosha miguu Jumapili, siku yake ya kupumzika.

Lango halijajengwa. Ipo kamati inayochagua upana wake. Mashine ilitolewa shimoni, ikaoshwa, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuikalia, kwa hiyo majani yameota tena, yamefika magotini. Liwali ataipanda Sikukuu ya Jimbo ijayo, na ameahidi kwenda mbali zaidi. Tumealikwa wote.

Nimesahau kusema jambo moja. Jioni ya siku ya uzinduzi, kabla hawajaja kumchukua Singano, mzigo mmoja uliruka ukuta ukaangukia uani kwangu. Lango lilikuwa wazi, angeweza kuuleta kwa miguu, lakini mazoea ni mazoea. Ulianguka kwa kishindo kuliko ilivyo kawaida ya majani. Nilivuta fundo kwa mkono mmoja, likafunguka. Ndani yake kulikuwa na fyekeo.

Nimelitundika karibu na zizi. Kila Ijumaa nalishusha, naweka kinoo mapajani, nalinoa taratibu kwa vidole hivi hivi. Sina nia mbaya. Chuma kisiponolewa hushika kutu, na mwenyewe akirudi asikute nimemharibia kitu chake.

Hadi sikukuu zimebaki Ijumaa sita.